Bangi ya CBD: Usinunue Mbegu Kabla ya Kumwona Mnunuzi

Kila bei ya mazao ya kawaida inapolegea, huzuka zao jipya linalosemwa kuwa litamtajirisha mtu kwa msimu mmoja. Ilikuwa hivyo kwa vanila. Ikawa hivyo kwa mayai ya kware nchini Kenya mwaka 2013 na 2014. Sasa zamu imefika kwa bangi ya CBD. Mwekezaji mdogo anaambiwa kwamba huko Marekani, Kanada na Ulaya watu wanapanda miche nyuma ya nyumba, wanavuna, wanakausha katika chumba cha stoo na kuuza kwa dola. Kisha anaulizwa kwa nini yeye bado amelala.

Ukurasa huu hauna ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Ugomvi wetu ni na hesabu isiyokamilika. Tunatoa msimamo wetu mapema ili msomaji asipotezewe muda: biashara ya CBD, hata katika nchi ambako sheria inairuhusu, haikumtajirisha mpandaji. Waliopata ni wauza mbegu, wenye vikaushio, wenye maabara na madalali waliouza mapema. Mkulima aliyeingia nyuma yao alibaki na magunia ya maua makavu yasiyo na mteja. Sababu zake ni za kawaida za soko, na mfanyabiashara yeyote wa karafuu au pareto atazitambua.

BIDHAA YENYEWE

Mmea wa bangi una kemikali nyingi, lakini soko linazitazama mbili. Ya kwanza ni THC, ambayo ndiyo inayolevya. Ya pili ni CBD, ambayo hailevyi. Kuna aina za bangi zilizochaguliwa kizazi baada ya kizazi mpaka zikawa na CBD nyingi na THC kidogo sana. Wenzetu wa nje wanaiita aina hiyo hempu. Kamusi zetu nyingine huandika katani, lakini katani kwetu ni nyuzi za mkonge, kwa hiyo hapa tutasema bangi ya CBD ili mtu asidhani tunazungumzia mashamba ya Tanga au Korogwe.

Mpaka kati ya zao halali na dawa ya kulevya umewekwa na sheria kwa asilimia. Marekani imeweka asilimia 0.3 ya THC kwa uzito mkavu. Umoja wa Ulaya ulikuwa na asilimia 0.2, ukapandisha hadi 0.3 kuanzia mwaka 2023. Uswisi imeweka asilimia 1. Msomaji azishike namba hizi, maana ndizo zinazoamua kama mkulima amevuna mali au amevuna kesi.

Kwamba CBD ina kazi katika tiba si uongo. Tarehe 25 Juni 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD iliyosafishwa kwa ajili ya aina mbili kali za kifafa zinazowapata watoto. Kampuni iliyoitengeneza, GW Pharmaceuticals ya Uingereza, ilinunuliwa mwaka 2021 na Jazz Pharmaceuticals kwa zaidi ya dola bilioni 7. Lakini fedha hiyo ilitokana na miaka ya majaribio ya hospitali, hati miliki na kiwanda cha dawa. Haikutokana na miche ya uani. Mtu anayeitaja Epidiolex ili akuuzie mbegu anafanana na anayetaja bei ya almasi iliyochongwa ili akuuzie kifusi.

BEI ILIVYOPANDA NA KUPOROMOKA

Tarehe 20 Desemba 2018 Rais wa Marekani alitia saini sheria ya kilimo iliyoitoa bangi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3 katika orodha ya dawa za kulevya. Kabla ya hapo kilimo chake kilikuwa cha majaribio, chini ya sheria ya mwaka 2014. Msimu uliofuata, wa mwaka 2019, leseni zilizotolewa katika majimbo mbalimbali zilifikia zaidi ya eka 500,000. Wakulima wa tumbaku wa Kentucky, wafuga ng'ombe wa maziwa, walimu wastaafu na vijana wa mjini waliokuwa hawajawahi kushika jembe, wote waliingia.

Wakati huo maua makavu yalikuwa yakiuzwa kwa kipimo cha asilimia. Katikati ya mwaka 2019 bei ilikuwa karibu dola 4 kwa kila asilimia moja ya CBD katika ratili moja. Kwa maneno mengine, ratili ya maua yenye CBD asilimia 10 ilikuwa na thamani ya karibu dola 40. Mavuno yalipoingia sokoni bei ikaanza kuteremka, na mwaka 2020 ilikuwa chini ya dola 1 kwa asilimia. Bei ya mwaka mmoja ilikuwa imepoteza zaidi ya robo tatu.

Haikuishia hapo. Takwimu za wizara ya kilimo ya Marekani zinaonyesha kwamba thamani ya mavuno yote ya zao hili mwaka 2021 ilikuwa dola milioni 824. Mwaka 2022 ilikuwa dola milioni 238. Eneo lililopandwa nje, mashambani, lilishuka kutoka eka 54,000 hadi kama eka 28,000 kati ya miaka hiyo miwili. Ukilinganisha na zile eka 500,000 za leseni za mwaka 2019, utaona ni watu wangapi waliokwisha kurudi kwenye mahindi yao.

Viwanda navyo havikupona. GenCanna, moja ya kampuni kubwa za kukamua CBD huko Kentucky, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Februari 2020. Miongoni mwa wadai hao walikuwa wakulima waliokuwa wamelima kwa mkataba. Hili liwe somo kwa wale wanaosema, "Mimi nina mkataba, sina hofu." Mkataba una nguvu sawa na mfuko wa aliyeutia saini.

HESABU YA EKA MOJA

Tufanye hesabu ya mfano tu. Chukua eka moja inayotoa ratili 1,000 za maua makavu yenye CBD asilimia 10. Kwa bei ya dola 4 kwa asilimia, mapato ni dola 40,000. Hii ndiyo karatasi iliyokuwa ikizungushwa katika mikutano ya wakulima mwaka 2019, na hakuna mkulima wa mahindi ambaye asingesimama akiiona.

Sasa weka bei ya senti 50. Eka ile ile, jasho lile lile, mapato ni dola 5,000. Ondoa mbegu: miche 2,000 kwa dola moja kila mbegu ni dola 2,000. Ondoa palizi, maana zao hili halikuwa na dawa za magugu zilizoruhusiwa kama yalivyo mahindi. Ondoa vibarua wa kukata na kuning'iniza, umeme au gesi ya kukaushia, ada ya leseni na ada ya maabara. Kinachobaki hakitoshi kulipa riba ya benki, na hapo bado tumedhani kwamba mnunuzi amepatikana. Wengi hawakumpata kwa bei yoyote.

Kosa halikuwa katika kuzidisha na kujumlisha. Kosa lilikuwa kuchukua bei ya soko lenye wauzaji wachache na kuitumia katika soko ambalo kila jirani amekuwa muuzaji. Bei ya juu ya mwaka huu ndiyo mbolea ya mavuno mengi ya mwaka ujao. Jambo hili halina tofauti na nyanya za Ilula au vitunguu vya Mang'ola: bei ikiwa nzuri leo, ujue wenzako wote wameiona.

KULIMA NYUMBANI SI BIASHARA

Tuje kwa yale yanayosemwa kuhusu kilimo cha nyumbani. Ni kweli Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, inamruhusu mtu mzima kuotesha miche mitatu ya bangi nyumbani kwake. Ni kweli Kanada, tangu tarehe 17 Oktoba 2018, sheria yake ya kitaifa inaruhusu miche minne kwa kaya, ingawa si kila jimbo limekubali tangu mwanzo. Afrika Kusini nayo ilifunguliwa mlango na uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa Septemba 2018, kisha sheria ikatiwa saini mwaka 2024.

Lakini soma kinachofuata. Katika nchi zote hizo ruhusa ni ya matumizi ya mwenye nyumba. Kuuza bila leseni ni kosa. Na Marekani kwenyewe, ambako bangi ya CBD ni zao la kilimo, sheria ya kitaifa inamtaka kila mzalishaji awe na leseni. Hata mwenye mche mmoja dirishani hakusamehewa. Kwa hiyo ile hadithi ya kuvuna stoo na kuuza kwa dola haina nchi inayokaa. Ni kipande cha Kanada kilichoshonwa na kipande cha Kentucky.

Pamoja na hayo, mwekezaji anafaidika kujua kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu atakayeijua hatadanganywa kirahisi.

Bangi ina miche ya kike na ya kiume. CBD inakaa katika utomvu wa vinyweleo vidogo vinavyofunika maua ya majike. Dume moja likiachwa shambani, chavua yake inapeperuka, majike yanashika mimba, na maua yanajaa mbegu badala ya utomvu. Ndiyo maana mbegu zinazouzwa ghali ni zile zinazosemwa kuwa zote ni za kike. Mwaka 2019 wakulima wengi wa Marekani waliuziwa mbegu ambazo hazikuwa hivyo, na kesi zikajaa mahakamani. Katika mfuko mtu hawezi kuitofautisha mbegu ya kike na ya kiume kwa macho. Anaijua baada ya wiki kadhaa, fedha ikiwa imekwisha kulipwa.

Pili, mmea huu unahesabu giza. Aina nyingi huanza kutoa maua pale usiku unapokuwa mrefu. Ndani ya nyumba mkulima anawasha taa saa 18 kwa siku ili mmea ukue, kisha anapunguza hadi saa 12 ili uchanue. Hiyo ni bili ya umeme. Karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, aina iliyozoea majira ya Ulaya huwahi kuchanua ikiwa bado fupi, na mavuno yanakuwa haba. Anayekuuzia mbegu za Oregon kwa ajili ya shamba la Afrika Mashariki bila kukwambia hili, ama hajui au anajua na amenyamaza.

Tatu ni wakati wa kuvuna. Mkulima hutazama vinyweleo kwa kioo cha kukuza. Vinaanza vikiwa angavu kama maji, vinageuka vyeupe kama maziwa, kisha vinaelekea rangi ya asali. CBD inapanda kadiri ua linavyokomaa. Tatizo ni kwamba THC inapanda nayo. Uwiano wa kemikali hizi mbili umewekwa na asili ya mbegu, na kwa aina za CBD kwa kawaida ni kati ya sehemu 20 na 30 za CBD kwa sehemu moja ya THC. Ukigawanya utaona mtego ulipo. Ua lenye CBD asilimia 10 linaweza kuwa na THC asilimia 0.33 hadi 0.5, nalo tayari limevuka mpaka wa Marekani. Mnunuzi anataka CBD nyingi na sheria inataka THC kidogo, na vyote viwili vinatoka katika ua moja kwa pamoja.

Kwa kanuni za wizara ya kilimo zilizotolewa Januari 2021, sampuli huchukuliwa katika siku 30 kabla ya mavuno. Shamba likipita kiwango, haliruhusiwi kuingia sokoni. Linaharibiwa au linarekebishwa kwa njia zilizoelekezwa. Mahindi yakivunwa yakiwa yamechelewa hupoteza uzito. Hili likichelewa hupoteza uhalali.

CHUMBA CHA KUKAUSHIA

Tukifika hapa ndipo tunapoiona faida na hasara ya kweli. Ua bichi la bangi ni maji kwa kiasi cha robo tatu au zaidi. Ua la kuuza linatakiwa libaki na unyevu wa kama asilimia 10 hadi 12. Maana yake, anayevuna kilo 100 mbichi ahesabu kilo 25 kavu au pungufu. Wapo waliofanya bajeti kwa uzito mbichi.

Kukausha vizuri kunafanywa polepole. Matawi yananing'inizwa kichwa chini katika chumba chenye giza, joto la nyuzi 15 hadi 21 za Selsiasi, unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 60, na feni inayozungusha hewa bila kuyapuliza maua moja kwa moja. Kazi huchukua siku 10 hadi 14. Kikonyo kikivunjika kwa mlio badala ya kupinda, ua limefika. Baada ya hapo maua yanawekwa katika chupa za kioo zenye mdomo mpana, zinazofunguliwa kila siku kwa wiki za mwanzo ili unyevu uliojificha katikati utoke. Ukikausha kwa haraka na joto kali, harufu inapotea na ua linakuwa vumbi. Ukichelewa, ukungu unaingia. Ukungu wa kijivu huanzia ndani ya kishada, mahali ambapo jicho halifiki, na kundi likishapatikana na ukungu maabara inalikataa lote.

Sasa mfikirie mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 70 na joto la usiku halishuki kufikia nyuzi 21 kwa miezi mingi. Chumba cha stoo hakitamsaidia. Anahitaji kiyoyozi na mashine ya kupunguza unyevu zinazofanya kazi mchana na usiku kwa wiki mbili mfululizo bila umeme kukatika. Gharama hiyo haimo katika karatasi ya muuza mbegu.

Marekani mwaka 2019 walikwama hapa hapa. Mashamba yalipandwa kwa wakati mmoja, yakakomaa kwa wakati mmoja, na vikaushio vilikuwa vichache. Mabanda ya tumbaku yakajaa. Mavuno mengine yalioza yakiwa katika marundo, mengine yalipigwa na baridi ya Oktoba yakiwa bado shambani. Mwenye kikaushio alipanga bei anayoitaka, na mara nyingi alilipwa kwa kukata sehemu ya mzigo. Yeye alilipwa kabla ya bei ya maua kujulikana. Mkulima alilipwa baadaye, au hakulipwa.

TUNAYO PARETO

Wasomaji wa Nakuru, Mbeya, Iringa na Musanze wataona kwamba habari hii wanaifahamu kwa jina lingine. Pareto nayo ni ua. Nayo inachumwa kwa mkono, inakaushwa bila kuunguzwa, na thamani yake inategemea asilimia ya sumu ya wadudu iliyomo ndani yake, si uzito peke yake. Kiwanda kinapima, kinakamua, kinauza nje. Kenya ilikuwa muuzaji mkuu wa pareto duniani kwa miongo mingi. Kilichoiangusha si udongo wala mvua. Wakulima walicheleweshewa malipo na mnunuzi mmoja tu aliyekuwepo, wakang'oa miche, wakapanda viazi.

Tunasema hivi kwa sababu mtu mwenye mtaji mdogo anayevutiwa na maua yanayolipwa kwa asilimia hana haja ya kwenda mbali wala kuvunja sheria. Ujuzi ule ule wa kukausha, kupima unyevu na kuhifadhi bila ukungu unahitajika katika pareto, karafuu, vanila, pilipili na maua ya rosela. Vikaushio vyenyewe ni vichache vijijini, na anayekausha mali ya wenzake kwa ada analipwa bei iwe juu au chini. Kama kuna jambo moja la kujifunza kutoka Kentucky, ni hilo.

SHERIA YA HAPA NYUMBANI

Tanzania Bara ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994. Katika nchi zote mbili kulima bangi ni jinai yenye adhabu ya kifungo kirefu. Askari anayekuta miche uani hana kipimo cha CBD mfukoni, na mwenye nyumba hataokolewa na maandishi ya pakiti ya mbegu. Anayekushauri ulime kwa sababu "hii hailevyi" hatakuja kukuwekea dhamana.

Zipo nchi za Afrika zilizofungua mlango. Lesotho ilitangulia kutoa leseni mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, na Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020. Rwanda iliamua Oktoba 2020 kuruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje tu, huku matumizi yakibaki kosa. Uganda nayo inaruhusu kwa leseni. Lakini mlango huo una kimo. Leseni ni za kampuni zenye uzio, walinzi, kamera, wataalamu wa dawa na vyeti vya ubora vinavyokubalika Ulaya. Mkulima mdogo anaingia humo kama kibarua au mkodishaji wa ardhi. Hilo si baya, lakini lisiitwe uwekezaji wake.

HISA NAZO

Wengine watasema, basi tusilime, tununue hisa. Tazama kumbukumbu. Tilray ya Kanada iliuza hisa zake kwa mara ya kwanza New York Julai 2018 kwa dola 17. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo hisa moja iligusa dola 300 ndani ya siku. Miaka sita baadaye ilikuwa ikiuzwa chini ya dola 2. Charlotte's Web ya Colorado, ambayo ndiyo jina kubwa la mafuta ya CBD, ilipita dola 20 za Kanada mwaka 2019, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa imeshuka chini ya dola 1. Waliouza kwa bei ya juu walimpata mtu wa kununua. Mtu huyo kwa kawaida alikuwa mwekezaji mdogo aliyesoma habari akiwa amechelewa.

Na sheria haijatulia. Januari 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilisema kwamba kanuni zilizopo za vyakula na virutubisho haziifai CBD, ikalirudishia Bunge jukumu. Novemba 2025 sheria mpya ya bajeti ilibadili tafsiri ya zao lenyewe: THC ya aina zote ihesabiwe, na bidhaa ya kutumiwa isizidi miligramu 0.4 kwa chombo kimoja. Walipewa mwaka mmoja kabla ya kipengele hicho kuanza kutumika. Bidhaa nyingi za mafuta ya CBD yasiyosafishwa kabisa zinavuka kipimo hicho. Mtu anayenunua leo ananunua pia uamuzi wa wabunge wa nchi nyingine.

USHAURI WETU

Hatusemi CBD haina wakati ujao. Mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba CBD si dawa ya kulevya, na mwaka huo huo tume ya Umoja wa Mataifa ililegeza daraja la bangi kwa kura 27 dhidi ya 25. Mahitaji ya dawa zilizopimwa yapo. Serikali zetu zitalazimika siku moja kulijadili jambo hili hadharani, na ni vyema wakulima wakaulizwa kabla leseni hazijagawiwa kwa wageni na wakubwa. Siku hiyo ikifika, ukurasa huu utafanya hesabu upya.

Hadi hapo, msomaji akifikiwa na mwaliko wa kuweka fedha katika bangi ya CBD, kwa jina lolote, aombe karatasi nne. Kwanza, leseni ya serikali ya nchi ambako shamba lipo, yenye jina la kampuni inayochukua fedha yake. Pili, mkataba wa mnunuzi pamoja na ushahidi kwamba mnunuzi huyo ana fedha. Tatu, gharama ya kukausha kwa kilo kavu, si kwa kilo mbichi. Nne, majibu ya maabara huru ya msimu uliopita, yakionyesha CBD, THC, ukungu na madini mazito, kwa sababu bangi hufyonza risasi na kadimiamu kutoka udongoni na kuviweka katika ua.

Mwenye biashara ya kweli atazitoa kwa nusu saa. Karatasi moja ikikosekana, fedha ibaki benki. Riba ya benki ni ndogo, lakini haioti ukungu.